Watu Ishirini Waliokosa Nafasi Kwenye Duara

Siku ya kuniaga mliniuliza, nyinyi wadogo zangu wa ofisini, kazi ya kutafuta watu tuliifanyaje kabla ya kompyuta. Nikajibu kwa mzaha, mkacheka, tukamaliza fanta, nikaenda nyumbani. Tangu siku ile jibu langu linanisumbua, maana halikuwa la kweli. Kwa hiyo naandika. Shule niliishia mwaka wa pili wa sekondari, kule Bukavu nilikozaliwa, basi msitegemee maandishi ya profesa. Nina madaftari yangu ya kila siku. Pale ambapo daftari linasema hivi na kichwa changu kinasema vile, nitawaambia wazi, mchague wenyewe.

Habari za vyeo naziacha. Nilianza kazi nikiandika kadi na nimestaafu nikiandika kadi. Hapo katikati ndipo nilipochora, na ndipo nilipokosea.

Nilianza hapa Kamembe muda si mrefu baada ya kambi za wakimbizi za ng'ambo kuvunjika. Watu walikuwa wanarudi kwa makundi, wengine kwa daraja, wengine kwa mitumbwi kupitia kisiwa cha Nkombo, na karibu kila kundi lilifika pungufu. Mama amefika, mtoto hayupo. Mtoto amefika, amemshika mkono mama asiyemjua. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mmoja na dirisha linaloangalia ziwa, na ng'ambo ya ziwa Bukavu inaonekana wazi, nyumba kwa nyumba, hata nguo zilizoanikwa. Siku yangu ya kwanza niliandika kadi thelathini na moja. Jina la anayetafutwa, umri, jina la anayemtafuta, mahali walipoonana mwisho. Mahali walipoonana mwisho ndipo kalamu yangu ilipokuwa nzito. Watu hawakutaja miji. Walitaja mti ulioanguka, kisima, gari lililoungua. Nilidhani nitazoea baada ya mwezi. Daftari linasema nilizoea baada ya wiki mbili, na jambo hilo silipendi hata leo.

Aliyenifundisha kuchora ni Mzee Anselme. Naye alikulia Bukavu, na ujanani alibeba vyombo vya wapimaji wa barabara, upande ule, katika nchi ya milima na matope. Alikuwa mrefu, mwenye kikohozi, na mfuko wa shati lake haukukosa bahasha ya khaki. Ndani ya bahasha kulikuwa na raporteri yake, chombo cha kupimia kona. Hakikuwa nusu duara kama vile vya shule. Kilikuwa duara zima, plastiki ngumu iliyogeuka njano kama kucha ya mzee, na alama zake zilizunguka kutoka sifuri hadi sifuri tena.

Kazi yake ilikuwa hii. Kila mwisho wa mwezi tulihesabu kadi zote na kuzigawa kwa rangi. Kijani, waliopatikana wakarudi kwao. Buluu, wanaojulikana walipo ng'ambo lakini bado hawajarudi. Rangi ya udongo, waliothibitika kufa. Na kijivu, rangi ya penseli tupu, wale ambao hatujui lolote. Kila kadi ilikuwa na mstari wa rangi yake pembeni. Halafu Mzee alichora duara kubwa kwenye karatasi, akalikata vipande kwa rangi hizo, kila kundi kwa ukubwa wake. Wakubwa waliita duara lile kamamberi, jina la jibini ambayo katika ofisi nzima hakuna aliyewahi kuila.

Duara lilibandikwa mlangoni. Alhamisi, siku ya familia, watu walipanga mstari. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeianzisha: mtu anaangalia rangi ya kadi yake, anakwenda kwenye duara, anaweka kidole juu ya rangi ile, anakaa nacho hapo kidogo, kisha anampisha mwenzake. Karatasi ya Januari ilikuwa safi asubuhi, na jioni kila rangi ilikuwa na alama ya vidole yenye jasho. Kijivu ndicho kilichochafuka kuliko vyote.

"Angalia hapa, Papa Aline," Mzee aliniambia siku ya somo la kwanza. Aline ni binti yangu mkubwa. "Asilimia moja ni alama nne. Kumi ni arobaini. Ishirini na tano ni mia. Unazidisha mara nne, unaweka nukta, unapiga mstari. Umesikia?"

"Kwa nini nne, Mzee?"

"Kwa nini pua iko katikati ya uso? Zidisha!"

Kisha akaweka chombo chake kwenye kona ya meza, kama alivyofanya kila mara kabla ya kuanza. "Kona ya meza ni mia. Ikikataa kuwa mia, chombo ni kizima, meza njo imelewa." Njo ni ndiyo yetu ya Bukavu.

Nilizidisha mara nne miezi saba, na madaftari yanathibitisha. Duara lilifunga vizuri kila mara. Mzee alikaa nyuma yangu akikohoa, na alipoona mstari wa mwisho umeangukia juu ya mstari wa kwanza, alisema "bon" na kuondoka kwenda kuota jua.

Vita ya pili ya huko ng'ambo ilipokwisha kuanza, Mzee akasikia kwamba kaka yake ameonekana kule. Asubuhi moja alivaa koti, akapitia ofisini kutuaga, akavuka daraja kwa miguu. Alisema siku tatu. Bahasha ilikuwa mfukoni kwenye shati, kama kawaida. Sidhani hata alikumbuka kuwa anayo. Tulingoja wiki tatu. Nikachukua kadi, nikaandika jina lake, umri, anayemtafuta: ofisi. Mahali alipoonwa mwisho: mlango wetu. Nikapiga mstari wa kijivu. Ni kadi pekee ambayo sikuhitaji kumuuliza mtu chochote.

Mwisho wa mwezi ule ilibidi nichore peke yangu. Mkubwa wetu, Madame Imakulata, mama mwenye haki na haraka, alinunua sokoni raporteri mpya ya shule, nusu duara, inayong'aa. Namba zake ziliishia mia na themanini. Niseme ukweli, niliona. Nilidhani kiwanda kimefupisha.

Kadi zilikuwa mia mbili kamili. Tisini za kijani, sitini za buluu, thelathini za udongo, ishirini za kijivu. Kwa asilimia: arobaini na tano, thelathini, kumi na tano, kumi. Namba safi, kama zimefuliwa. Nikazidisha mara nne, nikaanza.

Kijani, mia na themanini. Kilichukua upande mzima wa kulia, sawasawa, mstari umenyooka kutoka juu hadi chini. Buluu, mia na ishirini. Udongo, sitini. Nikapiga mstari wa udongo, na penseli ikaangukia juu ya mstari wa kwanza kabisa. Duara limefunga. Nilikuwa nimeshika penseli ya kijivu mkononi na hapakuwa na mahali pa kuiweka.

Nilijumlisha tena: mia. Nikahesabu tena kadi za kijivu, moja moja, mezani: ishirini. Zilikuwepo. Nikachukua karatasi nyingine. Duara likafunga tena, safi zaidi. Mara ya tatu nilianza kwa udongo nikidhani mpangilio ndio mbaya, nikafuata buluu, nikamaliza na kijani, na mistari ikakutana bila kuacha hata nafasi ya unywele. Nje ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua kali, watu wanauza sambaza, dagaa wa ziwani, barabarani na kutukanana kwa furaha. Mimi nilikuwa bado na penseli ya kijivu mkononi. Duara lolote lililokosewa huwa na kasoro, mstari umepita au umepungua. Hili lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuchora. Lilikuwa kama familia iliyokwisha kugawana chakula na kufunga mlango.

Wageni waliokuja kukagua kazi yetu walikuwa wamefika. Nikaandika namba zote nne kwenye jedwali dogo chini ya karatasi, kumi ya kijivu ikiwemo, nikaingia nayo kwenye mkutano. Hapakuwa na msumari ukutani, kwa hiyo niliishika mwenyewe kwa mikono miwili, nikasimama kama mlango.

Wageni walikuwa watatu, watu wa juu. Majina nayaacha; hawakufanya kosa lolote ambalo sikuwapa mimi. Mmoja wao, aliyevaa miwani, aliangalia duara akatabasamu.

"Kazi nzuri. Naona hakuna tena wasiojulikana."

"Wako," alisema Madame Imakulata. "Asilimia kumi. Wameandikwa pale chini."

Yule wa miwani akainuka, akaja karibu, akaweka kidole kwenye karatasi, na mimi nilihisi kidole hicho upande wa pili, kwenye kifua changu. "Kumi si kidogo, Madame. Nionyeshe hapa. Iko wapi?"

Madame aliangalia. Aliinama akaangalia tena. Kisha akaniangalia mimi.

"Papa Aline, kijivu iko wapi?"

"Nimechora mara tatu, Madame," nikasema. "Haipati nafasi."

Wakacheka, si kwa ubaya. Mgeni mwingine akasema, "Kumbe hata duara limechoka kutafuta." Madame akasema, "Lakini kadi ziko, ishirini," na wakamjibu kwamba kadi hazikosi kurudiwa, majina hufanana, mtu mmoja hutafutwa na watu wawili, na kazi ya wale wa buluu inahitaji mikono zaidi. Yote hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Kabla ya chakula cha mchana waliandika kwamba dirisha la kutafuta, yaani huduma yetu ya kadi, lifungwe, kadi za kijivu ziwekwe kwenye katoni, mimi nihamie kunakili mafaili. Anayetaka kujua habari ya mtu wa kijivu asubiri. Hawakuandika asubiri nini.

Duara nililibandika mlangoni mwenyewe. Ilikuwa zamu yangu, na sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuieleza.

Alhamisi akaja Maman Vestine. Alikuwa analima Nyakarenzo, na kila Alhamisi alishuka kwa miguu na kadi yake ndani ya mfuko wa plastiki, amefunga kwenye kitenge. Alikuwa anamtafuta binti yake, Furaha. Waliachana njiani, mbali, upande ule, siku mvua na risasi zilipokuja pamoja. Alikuwa amemshika mkono, akawa ameshika mkono wa mwingine. Kadi yake ilikuwa ya kijivu tangu siku nilipoiandika.

Niliona kupitia dirishani. Alisimama mbele ya duara, akaangalia rangi ya kadi, akaweka kidole kwenye kijani, akakitoa. Akazungusha. Kijani, buluu, udongo, kijani. Akazungusha tena, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani kutafuta mlango, na ilikuwa mchana mweupe. Waliokuwa nyuma yake kwenye mstari hawakumsukuma. Walirudi nyuma hatua moja.

Akaja dirishani hata hivyo, ingawa huduma ilikuwa imefungwa.

"Papa Aline, wangu ako wapi?"

"Maman, bado hatujapata habari."

"Habari sikuuliza. Nimeuliza ako wapi pale." Akaonyesha mlango kwa kidevu. "Zamani alikuwa na nafasi. Ndogo, lakini iko. Sasa munamutoa, munamupeleka wapi?"

"Hatujamtoa. Hesabu tu..."

"Kama ako ku udongo, uniambie, nirudi nyumbani nianze kulia. Niko na nguvu ya kulia. Lakini haiko hata ku udongo!" Akaegemea dirisha, akashusha sauti kama anayeuliza siri ya watu wawili. "Papa, kama haiko fasi yoyote, basi mimi nilizaa nani?"

Kwenye daftari siku ile niliandika neno "Vestine" na baada yake hakuna kitu.

Wiki iliyofuata fundi alikuja kutengeneza fremu ya mlango iliyovimba kwa mvua za miezi ya nyuma. Fundi Swedi, Mwislamu wa hapa Kamembe, seremala mtoto wa seremala, mtu wa maneno mengi na kazi nzuri. Nilikuwa nimekaa na raporteri ile mpya mkononi. Nikafanya alichokuwa akifanya Mzee Anselme, nikaiweka kwenye kona ya meza. Ikasoma tisini.

Meza imelewa, nikajiambia. Nikaenda kwenye dirisha. Tisini. Kwenye kona ya ukuta na sakafu, tisini. Kwenye faili, kwenye katoni ya kadi, kwenye kitabu cha mahudhurio: tisini. Sina uhakika kama nitaweza kuwaeleza. Kwa miezi saba kila kona katika chumba kile ilikuwa mia, na niliiona kwa macho yangu. Tangu Mzee avuke daraja, kila kona ilikuwa imepungua kumi na hakuna ukuta ulioanguka. Nilitazama dirishani, kule ng'ambo, na nikawa na wazo ambalo naona aibu kuliandika, kwamba nyumba za kule bado zina mia.

"Fundi," nikasema, "kona ya hiyo fremu yako ni ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Alama ngapi. Ukipima."

Swedi aliweka randa chini. "Papa, nyie watu wa ofisi munakunywaka nini asubuhi? Kona ni tisini. Baba yangu ilikuwa tisini, babu yangu ilikuwa tisini. Mbao yangu inaweza kupinda, iko na mvua yake. Kona yangu haipindi."

"Haiwezi kuwa mia?"

"Ikiwa mia, mlango wako utafungukia ku ziwa!" Akacheka peke yake. Alipoona sicheki, akaja, akachukua raporteri, akaigeuza mkononi. "Hii ni tisini na tisini na tisini na tisini. Kona ine, umerudi ulikoanza. Mia tatu na makumi sita. Utoto wangu wote nilipigwa kwa hii namba, siwezi kuisahau."

Nilikaa chini. Kona nne za Mzee zilikuwa mia nne. Kona nne za Swedi ni mia tatu na sitini. Duara ni lile lile, mkate mmoja, ila Mzee alikuwa anaukata vipande mia nne vidogo na chombo kipya kinaukata vipande mia tatu na sitini vikubwa kidogo. Asilimia moja ya mia nne ni nne. Asilimia moja ya mia tatu na sitini ni tatu na sehemu sita za kumi. Mimi nilikuwa nimegawa vipande vya chombo hiki kwa hesabu ya chombo kile, nikampa kila mmoja zaidi ya haki yake, na wa mwisho akakuta sahani tupu.

Miaka mingi baadaye mpimaji mmoja wa ardhi aliniambia kwamba kipimo cha Mzee kipo, kinaitwa gradi, wapimaji wanakitumia. Kwa hiyo Mzee hakukosea, wala chombo chake, wala chombo cha sokoni. Nimezungusha lawama kama Maman Vestine alivyozungusha kidole, na inaishia kwangu.

Njia ya kufanya hesabu hiyo bila mashine ni hii, mkiihitaji siku umeme umekatika. Chukua asilimia, zidisha kwa thelathini na sita, gawanya kwa kumi. Kumi inakuwa thelathini na sita. Kumi na tano inakuwa hamsini na nne. Thelathini ni mia na nane. Arobaini na tano ni mia sitini na mbili. Jumlisha digrii zote, yaani alama za chombo cha shule, kabla ya kushika penseli. Zisipofika mia tatu na sitini, weka penseli chini. Kurudi kutoka digrii kwenda asilimia, zidisha kwa kumi, gawanya kwa thelathini na sita.

Nilifanya hivyo, nikarudisha nyuma lile duara la mlangoni ili nijue lilikuwa limewaambia wageni nini. Kijani changu cha mia na themanini kilisema hamsini kwa mia. Watu mia wamepatikana, wakati waliopatikana walikuwa tisini. Buluu ilisema watu sitini na sita na theluthi mbili. Udongo ulisema watu thelathini na watatu na theluthi. Basi wale ishirini hawakuwa wamepotea kwenye karatasi. Nilikuwa nimewagawa. Kumi nimewarudisha kwa mama zao, sita na vipande nimewavusha ng'ambo, watatu na theluthi nimewaua. Nilikaa nikijiuliza Furaha aliangukia upande gani, na Mzee Anselme upande gani, na yule wa theluthi ni nani.

Nikachora upya, nikampelekea Madame Imakulata makaratasi yote mawili. Nilimweleza mara mbili, mara ya pili vizuri zaidi. Akayaweka yote mawili mbele yake.

"Unajua wataniuliza nini?"

"Najua, Madame."

"Wataniuliza kama hata zile zingine zilikuwa uongo."

"Zile zingine zilikuwa sawa. Ni hii."

"Mwalimu gani alikufundisha?" akauliza kwa hasira, kisha akamkumbuka Mzee, na akashusha macho kwenye katoni. "Pole. Andika barua kwa mkono wako. Usinifiche nyuma ya maneno. Sema ni wewe."

Nikaandika. Alisaini chini yangu, akaipeleka mwenyewe, jambo ambalo hakulazimika kufanya. Jibu lilichukua siku zake. Dirisha lilifunguliwa tena baada ya kufungwa siku kumi na tisa, na nilitoa kadi za kijivu kwenye katoni, zote ishirini. Katika siku hizo hakuna kadi yoyote iliyobadilika rangi. Hakukuwa na mtu wa kuzibadilisha.

Hapo ndipo mlinzi wetu, Papa Nyandwi, akaniambia habari ambayo aliona ni ndogo.

"Kuna muntu alikuja ulipokuwa umeenda ku stoo ya mafaili. Koti ya mvua ya njano. Alitoka ng'ambo, alikuwa na makaratasi ndani ya mfuko wa sambaza."

"Makaratasi gani?"

"Majina. Alisema kuna batu pale mu milima wamekaa pamoja, bamejiandika wenyewe, banataka bajulikane kama beko hai. Akauliza dirisha ya kutafuta. Nikamuambia imefungwa."

"Ukamwambia hivyo tu?"

"Nilimuonyesha duara," alisema Nyandwi. "Nikamuambia, angalia, hakuna mwenye anatafutwa tena. Akaangalia sana. Akasema, basi sawa. Akarudi."

Nyandwi alisema aliyoambiwa aseme. Nilikwenda darajani, hawakumkumbuka mtu wa koti la njano. Niliuliza wenye mitumbwi wa Nkombo, mmoja baada ya mwingine. Walisema koti la mvua la njano katika siku zile za jua wangelikumbuka. Hakuna aliyemwona akija, hakuna aliyemwona akirudi. Zaidi ya Nyandwi, mlango wetu tu ndio uliomwona. Sikuandika kwenye daftari kwamba sikuamini, wala sikuandika kwamba niliamini.

Madame alisema haina faida kuwaambia familia. "Utawapa jiwe wabebe." Huenda alikuwa na haki, na mara nyingine nafikiri alikuwa nayo. Lakini Alhamisi alipokuja Maman Vestine, akaweka kidole kwenye kijivu kipya, akakaa nacho hapo, nilitoka nje nikamwambia. Nilimwambia yote: mara nne, kona, siku kumi na tisa, mfuko wa sambaza.

Hakulia, na hakunitukana. Aliuliza, "Jina lake lilikuwa mule?"

"Sijui, Maman."

"Inaweza kuwa mule."

"Inaweza. Inaweza pia kuwa hapana."

Kisha akaja ndani, akakaa kwenye kigoda mbele ya meza yangu kama mtu aliyekuja mara ya kwanza.

"Toa kadi," akasema. "Mpya. Andika."

"Ya nani?"

"Ya ile liste. Si imepotea? Njo kazi yenu. Itafutwe."

Nilimtazama kuona kama kuna mzaha. Hapakuwa na mzaha. Nikatoa kadi. Jina: orodha ya majina, ndani ya mfuko wa sambaza. Umri: haujulikani. Anayetafuta: Vestine, wa Nyakarenzo. Mahali ilipoonwa mwisho: mlango wetu. Nikapiga mstari wa kijivu pembeni, akaiangalia, akaondoka na njia yake ya kupanda.

Wakubwa hawakuwahi kuniuliza juu ya kadi ile, nami sikuitoa. Mwezi ule kadi zilikuwa mia mbili na moja, za kijivu ishirini na moja, na hesabu haikuwa safi tena. Kijivu kilitoka digrii thelathini na saba na sehemu sita za kumi. Raporteri ya shule haina alama za sehemu. Nilikadiria kwa jicho, nimeinama, pua karibu iguse karatasi. Digrii moja na zaidi ya nusu ilibidi ipatikane kwa wengine. Waliopatikana walisogea kidogo. Walioko ng'ambo walisogea. Hata wafu walisogea, unene wa ncha ya penseli, wakaipisha ile kadi.